Sahihi ya Mama: Kisa cha Kijana wa Eastlands na Vyombo Vyake vya Habari Mtandaoni

Kisa hiki kinamhusu kijana mmoja wa Nairobi ambaye humu nitamwita J. Jina la mtaa, la shule, la ukurasa wake na la kila aliyehusika yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili asitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya wazazi, walimu na wenzangu tunaoendesha vilabu vya kompyuta vya Jumamosi, kwa sababu vijana wa aina ya J wanaongezeka kila mwaka, na karibu kila mara sisi watu wazima tunawajibu kwa njia mbili tu: kuwapiga marufuku au kuwapigia makofi.

Usuli

J alikuwa Fomu One shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Alikuwa na miaka 14. Mama yake ni mshonaji, na wanaishi orofa ya tatu katika jengo ambalo mjomba wake amepanga chumba cha chini na kufungua saiba. Ni kompyuta tano, printa moja, na ubao mlangoni wenye maandishi ya rangi: KRA, eCitizen, HELB, NTSA, kuchapa, kutoa kopi. Wanafunzi wa darasa lake hawakurudi shuleni hadi Januari 2021. Kwa zaidi ya miezi tisa mama alipendelea J ashinde saiba kwa mjomba kuliko kuzurura barabarani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia na kupokea pesa za kopi. Ya pili aliipata siku kompyuta moja ilipokataa kuwaka. Feni ilizunguka, mashine ikalia mlio mfupi mara kadhaa, skrini ikabaki nyeusi. Fundi wa Luthuli Avenue alikuwa ameomba pesa ambazo mjomba hakuwa nazo msimu ule wa kafyu. J alitafuta maana ya milio hiyo kwenye mashine ya pembeni, akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta, akabonyeza vishikio viwili vyeupe na kuchomoa kijiti cha RAM. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia kwa vumbi na unyevu. Aliyasugua kwa raba ya penseli hadi yakang'aa, akapuliza vumbi la raba, akakirudisha mahali pake mpaka akasikia vishikio vikijifunga. Mashine ikawaka. Mjomba ameisimulia habari hii mtaa mzima, na sifa za J zilianzia hapo.

Lakini jambo lililomjenga zaidi halikuwa hilo. Mwezi wa Juni kila mwaka saiba hujaa watu wanaokimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. J aliketi kando ya mjomba akisoma fomu, akiuliza kila kisanduku kinataka nini. Alijifunza kusoma hati ya serikali bila kuiogopa. Ujuzi huo ndio uliomwinua baadaye, na ndio uliomtia matatani.

Mambo yalivyokwenda

Mwaka 2021 alianzisha ukurasa wa Facebook wa mpira wa mtaani: ratiba, matokeo, picha za timu zikiwa zimesimama mbele ya lango lisilo na neti. Magazeti hayafiki kwenye viwanja vile, kwa hiyo wachezaji wenyewe ndio waliokuwa wasomaji wa kwanza, kisha mama zao. Baada ya miezi michache alifungua blogu ya bure kwenye Blogger, akawa anachungulia msimbo wa kurasa na kubadilisha rangi, menyu na upana wa safu hadi akaelewa HTML kwa kuiharibu na kuitengeneza.

Chaneli ya YouTube ilidumu muda mfupi. Alipandisha vipande vya mabao ya ligi ya Uingereza alivyorekodi kutoka kwenye televisheni, akapata maonyo ya hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90 huifungisha chaneli, na yake ilifungwa. Hakuumia sana, kwa maana hakuona kama ni kitu chake.

Blogu ilimuuma zaidi. Mapema mwaka 2022 aliweka matangazo ya AdSense, mpango wa Google unaomlipa mwenye blogu kwa matangazo. Sharti ni kwamba mwenye akaunti awe ametimiza miaka 18, kwa hiyo aliifungua kwa jina la mama yake, nambari ya simu ya mama, na sanduku la posta la mjomba. Salio linapofika dola 10, barua yenye PIN hutumwa kwa posta ili kuthibitisha anwani. Siku barua ile ilipofika, J aliileta kwenye klabu yangu ya Jumamosi imekunjwa ndani ya kitabu cha Biolojia. Bado alihitaji kufikisha dola 100 ndipo alipwe. Marafiki zake wakaona safari ni ndefu, wakaamua kumsaidia: kila mtu abofye matangazo asubuhi na jioni, na awaambie binamu zake. Wiki chache baadaye akaunti ilifungwa kwa sababu ya mibofyo isiyo halali. Salio likapotea lote.

Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Shule zilikuwa zimefungwa, na J, sasa akiwa Fomu Three mwenye miaka 16, alikuwa nyumbani. Tume ya uchaguzi iliweka fomu za 34A kwenye tovuti ya umma, fomu moja kwa kila kituo, vituo 46,229 kwa jumla. Mtu yeyote mwenye bando angeweza kuzifungua na kujisomea kura za urais. Vyombo vikubwa vya habari vilikuwa vikijumlisha kila kimoja kivyake, na hesabu zao hazikulingana. J na wenzake wawili waliketi saiba, mmoja akisoma nambari kwa sauti, mmoja akiandika kwenye jedwali, wa tatu akihakiki jumla. Jioni ya Agosti 10 walikuwa na fomu mia kadhaa. J aliandika kwenye ukurasa wake, kwa herufi kubwa, kwamba mgombea fulani ameshinda, akaweka takwimu mbili za asilimia chini yake.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Shida ni kwamba hakutaja amesoma fomu ngapi kati ya ngapi, wala zimetoka kaunti zipi. Chapisho lilienea kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa usiku uleule. Asubuhi vijana kadhaa walisimama mlangoni pa saiba wakimuuliza mjomba ni chama gani kinamlipa mwenye ukurasa. Mjomba alifuta chapisho, akafunga duka kwa siku mbili, na akachukua laptopu aliyokuwa amempa J. Matokeo rasmi yalitangazwa na mwenyekiti wa tume Agosti 15.

Maamuzi na sababu zake

Jumapili iliyofuata tuliketi ndani ya saiba na milango imefungwa nusu: mama, mjomba, mama mdogo wake J ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, J mwenyewe, na mimi.

Mama alikuja na uamuzi tayari. Kila kitu kifungwe hadi J amalize KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2023. Mjomba alitaka tusahau yaliyopita, mradi siasa isirudi. Mimi niliuliza swali moja kuhusu akaunti ya matangazo: ilikuwa ya nani? Mama akajibu, "Mwalimu, nilitia sahihi nikidhani ni fomu ya shule."

Jibu hilo liligeuza mkutano, maana lilionyesha kwamba katika kila hatua palikuwa na mtu mzima kwenye karatasi. Laini ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama. Akaunti ya matangazo ilikuwa ya mama. Sanduku la posta na laptopu vilikuwa vya mjomba. Kwa upande wa karatasi J hakuwa amefanya jambo lolote peke yake, ilhali kwa kweli alikuwa peke yake siku zote.

Nilipinga kufungwa kwa kila kitu kwa sababu mbili. Kwanza, kijana mwenye ujuzi ule hawezi kuzuiwa; angehamia kwenye simu ya rafiki na sisi tusijue. Pili, alichofanya na fomu za 34A kilikuwa kazi halali na yenye thamani. Wapo watu wazima wengi waliobishana wiki ile bila kufungua hata fomu moja. Mimi sikutaka afundishwe kwamba kosa lake lilikuwa kusoma hati za umma.

Hata hivyo nilimweleza J wazi kuhusu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Kama ilivyokuwa wakati huo, kuchapisha kwa makusudi habari ya uongo inayozua hofu au vurugu kungeweza kuleta faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 10. Yeye hakukusudia uongo, na hilo lina uzito kisheria, lakini umati mlangoni hausubiri kupima nia ya mtu.

Makubaliano yaliandikwa kwenye daftari la kurasa 96 lililobaki saiba. Nywila zote zingekaa na mama, na yeye angeelezwa kila akaunti inafanya nini hadi aweze kuieleza mwenyewe kwa mdomo. Hakuna chapisho litakalotoka kabla mama mdogo hajalisoma. Kwa kila habari J angeandika daftarini nani amemwambia, ameona nini kwa macho yake, na ni nani anayeweza kuikanusha. Siasa ingengoja hadi awe na kitambulisho. Pesa zozote zingepitia Till ya mjomba, yaani nambari ya malipo ya duka lake, na kuandikwa. Kazi ingefanyika Ijumaa jioni na wikendi, na ingesimama kabisa muhula wa tatu wa 2023.

Mama alikubali akiwa na shaka. Kipengele cha nywila ndicho kilichomtuliza.

Matokeo

Ukurasa ulirudi Septemba ukiwa na wasomaji wachache kuliko zamani. Kilichouinua upya kilikuwa maji. Kampuni ya maji ya jiji huchapisha ratiba ya mgao, jedwali refu lenye maeneo yote ya Nairobi. Mtu mwenye bando la shilingi ishirini hataki kupakua hati nzima ili ajue kama maji yanafunguliwa upande wake siku hiyo. J alianza kutoa mistari minne kila Jumapili: mtaa wetu, siku, saa, na onyo kwamba presha huchelewa kwenye orofa za juu. Akaongeza taarifa za kukatwa kwa umeme zinazotolewa na Kenya Power. Mama mdogo alifupisha sentensi zake na kumfundisha kutaja chanzo mwanzoni badala ya mwishoni.

Matangazo sasa yalikuwa ya kinyozi, ya muuza gesi na ya dada anayepika keki. Walilipa kidogo, walilipa kwa M-Pesa, na kila malipo yaliandikwa kwenye daftari. Kwa mara ya kwanza J alilipwa.

Tatizo lililofuata lilitoka upande ambao hakuna kati yetu aliyekuwa akiutazama. Mwaka 2023 aliweka picha za mechi ya wasichana wa shule jirani. Mama mdogo alisoma maelezo, akasahihisha vituo, akaruhusu. Mmoja wa wasichana, mwenye miaka 15, alionekana uso wote akidaka mpira. Baba yake hakujua kwamba binti yake anacheza, na alifika shuleni kwa hasira. Picha iliondolewa ndani ya saa moja na J akaenda kuomba radhi pamoja na mama yake, lakini msichana alikosa mazoezi kwa wiki kadhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto, na picha ni mojawapo. Septemba ya mwaka huohuo Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mama alisikia habari hiyo redioni na akaja saiba kuuliza kama tumezikagua picha zote za zamani. Tulizikagua naye. Nyingi ziliondolewa, na tangu hapo makocha wakawa wanakusanya fomu za ridhaa mwanzoni mwa msimu.

J alifanya KCSE akapata C+, alama ya chini kabisa ya kujiunga na shahada ya chuo kikuu. Mama alitarajia B na anaamini ukurasa ulimla muda. Huenda ana haki, ingawa Hisabati yake ilipanda katika miaka hiyo miwili na Kemia ndiyo iliyomwangusha tangu mwanzo. Alichagua stashahada ya teknolojia ya habari katika chuo cha ufundi, akisema anataka kushika mashine kila siku. Alipopata kitambulisho mwaka 2024 mama alimkabidhi nywila. Ukurasa unaendelea, na vijana wawili wa sekondari ndio wanaokusanya matokeo ya mechi.

Uchambuzi

Mama J ni mwanachama wa Sacco. Hawezi kumdhamini mtu mkopo bila kuuliza ni wa nini, atalipa lini, na akishindwa itakuwaje, kwa sababu anajua akiba yake ndiyo itakayokatwa. Lakini aliidhamini kazi ya mwanawe kwa kitambulisho chake bila swali hata moja. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba kutia jina kwenye akaunti ni udhamini. Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa kizima kilipojengeka, na wala si kwenye uchaguzi. Kijana chini ya miaka 18 anayeanzisha chombo cha habari mtandaoni lazima apitie kwa mtu mzima kwa ajili ya laini, akaunti na malipo. Kwa hiyo mtu mzima tayari yumo. Kinachotofautisha ni kama yumo kwa jina au kwa kazi.

Ushahidi wangu ni kwamba makubaliano ya Agosti hayakuongeza mtu mpya isipokuwa mama mdogo. Mama alikuwepo, mjomba alikuwepo, simu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alijua anasimamia nini.

Suala la mibofyo linahitaji kuangaliwa kwa upole. Nimewasikia walimu wakiliita wizi, na kwa mtangazaji ni hasara ya kweli: analipia mtu asiyetaka bidhaa yake. Lakini wale vijana wamelelewa kwenye harambee. Mwenzako akiwa na mzigo, mnachanga, na mchango wako haupimwi kwa sababu iliyokuleta. Kubofya kwao kulikuwa mchango. Kumwambia J "umeiba" kungemwacha akiamini kwamba mtandao ni mahali pa watu wasiosaidiana. Kilichofanya kazi ni kumwonyesha pesa zilikotoka, kwamba nyuma ya kila tangazo kuna mwenye duka kama kinyozi wa chini, na kisha kumpa kinyozi mwenyewe awe mteja wake. Alipomwona aliyemlipa uso kwa uso, hakuna aliyehitaji kumkataza tena.

Kuhusu uchaguzi, ninaona somo ambalo ni la kiufundi zaidi kuliko la kimaadili. J alikuwa na kisehemu cha fomu na akakiita nchi. Fomu hazifiki kwa mpangilio ulio sawa. Maeneo yenye mtandao mzuri na vituo vya karibu hutangulia, na hesabu ya mapema huegemea huko. Angeandika kwamba amesoma fomu kadhaa kati ya 46,229 na kutaja kaunti zake, lingekuwa chapisho bora kuliko mengi yaliyotoka usiku ule. Swali la tatu la daftari, nani anayeweza kuikanusha, lilitungwa kwa sababu hiyo. J ananiambia ndilo analolitumia hadi leo, hata kwenye ratiba ya maji.

Kipengele cha kusomwa kabla ya kuchapishwa kilifaa kwa maandishi na kikashindwa kwa picha. Mama mdogo ni mwalimu wa lugha, jicho lake likaenda kwenye lugha. Msomaji mmoja hatoshi kama hajaelezwa atafute nini. Klabu yangu sasa ina ukurasa mmoja wa maswali kuhusu picha, na la kwanza kabisa ni kama mtoto aliyemo anajulikana kwa sura na mzazi wake ameridhia. Gharama ya kushindwa huku hakuilipa J. Aliilipa msichana ambaye hakuwa na ukurasa wala sauti mkutanoni, na kila ninapokisimulia kisa hiki namtaja yeye kabla ya sheria.

Shule ya J haikuwa na mchango wowote, wa kheri wala wa shari. Sheria yake ilikuwa simu zisionekane, na hazikuonekana. Mwalimu wa kompyuta alijua kuhusu blogu tangu 2021 na aliisoma kimyakimya kwa sababu aliipenda. Dakika kumi zake kwa wiki zingetosha kugundua matangazo ya jina la mama.

Suala ambalo hatukulitatua ni la umiliki. Makubaliano yetu yalisema nywila zirudi kwa J akifika miaka 18, lakini hayakutaja wale wawili waliokaa naye saiba usiku wa Agosti 10 wakisoma na kuhakiki fomu. Mmoja wao anadai sehemu ya pesa za matangazo ya 2023, na daftari, ambalo lina kila malipo yaliyoingia, halina hata mstari mmoja unaoonyesha nani alifanya kazi gani. Mjomba anawasuluhisha. Kwa vijana wawili wa sekondari wanaoendelea sasa, safu ya majina imeongezwa daftarini, na wazazi wao wote wawili wameitwa saiba kusoma kila kipengele kwa sauti kabla ya kutia sahihi.